Sponji Chafu Niliyopewa na Jirani

Samaki wangu wa kwanza walikuwa wanne, samaki wa dhahabu, na nilikaa nao siku 11. Wa mwisho alikufa usiku. Asubuhi nilimkuta amelala ubavu juu ya changarawe, mkia ukipepea taratibu, nikafurahi kwamba angalau huyu amenusurika. Kumbe mkia ulikuwa unapeperushwa na filta.

Tangi lenyewe lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Ukipiga hesabu ni lita 63, lakini ukitoa changarawe na ile nafasi ya juu unayoacha wazi, maji hayafiki lita 55. Nililijaza maji ya bomba, nikawasha filta, nikasubiri saa moja, nikawamimina. Muuzaji aliniambia nifanye hivyo hivyo. Aliniambia pia kwamba anayeanza huanza na samaki wa dhahabu kwa sababu ni wagumu. Ugumu wanao kweli, ila ukubwa wao hakunitajia. Samaki wa dhahabu wa kawaida hufika sentimita 20 na kuzidi, hupenda maji ya ubaridi kidogo, na hunya kama bata. Hao ni samaki wa bwawa. Mimi niliwatia wanne kwenye kitu ambacho mmoja wao peke yake angekiona finyu akishakua.

Siku ya tatu maji yalibadilika, yakawa kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Nikaona filta imelemewa. Nikaichomoa, nikatoa sponji yake, nikaisugua chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe kama siku niliyoinunua. Siku ya sita nikairudia kazi hiyo, na safari hii nikaosha na changarawe. Mimi ni mtu wa usafi, sikufichi. Siku ya saba binti yangu alikuwa amekaa mbele ya kioo akaniita: "Mama, mbona samaki wanakunywa hewa?" Nikaenda kutazama. Wote walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga.

Kuna mzee jirani ambaye dirisha lake usiku huwa na mwanga wa kijani. Nilijua ni tangi la samaki, ila sikuwahi kubisha hodi kwake kwa jambo hilo. Siku ile wa mwisho alipokufa nilibisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikamweleza yote, nikitegemea ataniuliza samaki walikuwa wa aina gani au walikula nini. Akaniuliza: "Sponji umeiosha kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Ikatakata?"

"Ikatakata kabisa, mzee."

Akatikisa kichwa, akanyanyuka. Alichota maji ya tangi lake kwenye ndoo ndogo, akatoa sponji kubwa kutoka kwenye kona ya tangi, akaikamua humo mara mbili tu. Maji yakageuka rangi ya chai ya rangi. Akanisogezea ile sponji puani. Nilijiandaa kwa harufu ya kitu kilichooza, nikakutana na harufu ya udongo baada ya mvua. "Ikinuka hivi, ni nzima," alisema. "Ikinuka yai viza, imekufa." Kisha akachukua mkasi, akakata kipande kama cha kiganja changu, akakitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na maji, akaufunga. "Nenda moja kwa moja nyumbani, kisikauke. Kiweke ndani ya filta yako leo hii. Na samaki usinunue mpaka nikuambie."

Nilirudi nyumbani na zawadi ya uchafu mkononi, na nakiri nilijisikia mjinga kidogo.

Ilinichukua muda kuelewa alichonipa. Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa haitoki kwenye mavi kama nilivyodhani, hutoka kwenye matamvua, kila anapopumua. Chakula kilichobaki kikioza nacho huongeza. Amonia huunguza matamvua. Kuna bakteria wanaoila wakaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile: huingia kwenye damu ikaifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo maana samaki hupanda juu kuhema hata kama maji yana hewa tele. Kundi jingine la bakteria hula nitriti wakaigeuza kuwa nitrati. Hiyo samaki anaivumilia, almuradi usiiache ikarundikana, na njia rahisi ya kuipunguza ni kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei ovyo. Hujishika mahali, kwenye mawe, kwenye kioo, na zaidi ya yote kwenye sponji, kwa sababu humo maji yenye chakula chao na oksijeni hupita bila kukoma. Tangi jipya huwachukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka hadi kutosha. Mimi kila walipoanza kushika niliwapeleka bombani, penye klorini, ambayo imetiwa kwenye maji ya bomba makusudi iue bakteria.

Yale maziwa ya siku ya tatu, kwa taarifa yako, ni bakteria wa aina nyingine wanaofumuka kwenye maji mapya. Ukiyaacha yanaondoka yenyewe.

Kwa hiyo filta ina kazi mbili, na ile inayoonekana kwa macho, ya kunasa takataka, ndiyo ndogo. Kazi kubwa ni kuwapa wale wadudu nyumba. Ukilijua hilo, maneno mengi yaliyoandikwa kwenye maboksi ya filta yanakosa uzito. Kwa mfano ule mkaa mweusi unaouzwa kama kitu cha lazima. Mkaa huo unafaa kuondoa dawa majini baada ya kutibu ugonjwa, au rangi inayotoka kwenye kipande cha mti, lakini baada ya wiki chache unakuwa umeshiba na haufanyi kazi yake tena. Mimi siuweki. Nafasi ile naijaza sponji.

Nilinunua vipimo vya matone, vile vya kichupa cha kioo. Unatia maji ya tangi, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri dakika tano. Cha amonia changu kikibaki njano ni salama, kikienda kijani kuna tatizo. Jioni ya kwanza kilikuwa kijani cha jani la mgomba, na samaki hakuna hata mmoja tangini. Niliendelea kutia chembe za chakula kila siku ili bakteria wa mzee wasife njaa, na binti yangu akazoea kuniona nikilisha tangi tupu. Siku ya 16 kijani kikawa njano. Nitriti ikapanda, ikashuka siku ya 24. Bila kile kipande cha sponji ningesubiri zaidi.

Basi nikaruhusiwa kununua samaki, na hapo nikafanya makosa ya aina nyingine.

Filta ya kwanza niliyokuja nayo ilikuwa ya ndani, ya kubandika kwenye kioo, na boksi lake liliandikwa lita 600 kwa saa. Niliichagua kwa namba hiyo. Wafugaji wengi hutumia kipimo cha kwamba filta izungushe maji ya tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani kwa tangi langu lita 220 hadi 330 zingetosha. Mimi niliona nguvu zaidi ni bora zaidi. Kisha nikanunua beta, yule samaki mwenye mapezi marefu kama shela. Beta hupumua hewa ya juu kwa kiungo chake maalumu, na kwao huishi kwenye maji yaliyotulia, mashamba ya mpunga na vinamasi vya Asia ya kusini mashariki. Kwenye tangi langu alikuwa kama shuka lililoanikwa siku ya upepo. Alijibanza nyuma ya jiwe kona ya mbali, akija juu kuvuta hewa anapeperushwa hadi upande wa pili. Wiki ya pili mapezi yalianza kuchanika. Nikaigeuza filta itazame ukutani, nguvu zikapungua, akatulia. Siku moja kwa udadisi niliiweka filta hiyo kwenye beseni, sponji yake ikiwa imejaa kama kawaida, nikakinga maji yake kwenye ndoo ya lita 10 huku nikitazama saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 95, sawa na lita 380 kwa saa. Zile 600 za kwenye boksi hupimwa bila sponji na bila maji kupanda popote. Tangu siku hiyo namba ya kwenye boksi naisoma kama umri wa mtu anayetafuta mchumba.

Pleko ndiye kosa langu kubwa. Nilimnunua akiwa na sentimita 5, mweusi, amejibandika kwenye kioo kwa mdomo wake wa duara, binti akampenda papo hapo. Niliambiwa atasafisha mwani. Alisafisha, sikatai, miezi michache. Halafu akakua. Pleko wa kawaida anaweza kupita sentimita 40, na huyu wangu alipofika 20 akawa anang'oa mimea akigeuka tu. Mavi yake ni nyuzi ndefu za kahawia. Kila asubuhi zilikuwa zimetanda chini kama uzi uliofumuka kwenye fulana. Nilinunua samaki wa kufanya usafi, nikaishia kusafisha mavi yake. Mwishowe nilimpa mtu mwenye tangi la lita 500. Kumwachia mtoni sikutaka hata kulifikiria, maana pleko waliotupwa kwenye mito isiyo yao wamezaliana na kuchimbua kingo mpaka wamekuwa balaa katika nchi kadhaa.

Lakini kabla ya kuachana naye nilijaribu kumfuata kwa filta. Nilinunua ile kubwa ya nje, ya mkebe, inayokaa chini ya kabati na mipira miwili inapanda tangini. Ni kifaa kizuri, sitakisema vibaya: kina nafasi kubwa ya sponji na vigae vya kukaliwa na bakteria, hakipigi kelele, na kinaweza kubeba samaki wachafu. Kasoro niliijua siku umeme ulipokatika tangu asubuhi hadi usiku. Mkebe umefungwa kabisa, bakteria waliomo wanahitaji oksijeni, na maji yaliyomo yakisimama oksijeni inaisha ndani ya saa chache. Umeme uliporudi saa tatu usiku filta ilijiwasha yenyewe, ikatema tangini maji ya kijivu. Harufu niliitambua: yai viza. Nilibadilisha nusu ya maji usiku ule ule, na nusu nyingine asubuhi. Gapi wawili, samaki wadogo niliokuwa nao wakati huo, walikufa. Sasa najua kwamba umeme ukikatika muda mrefu, unaizima swichi yake kabisa, unaifungua, unamwaga maji ya ndani na kuisuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena.

Kwa gapi nina neno moja. Chukua madume tu, au ukubali kuwa na kitalu. Jike hutunza mbegu za dume tumboni na anaweza kuzaa mara kadhaa bila kukutana na dume tena, karibu kila mwezi. Mimi nilinunua majike watatu peke yao, nikijiona mjanja.

Baada ya gapi nilitamani neoni tetra, wale wenye mstari wa buluu unaong'aa. Nilisoma kwamba hawapendi upweke, nikachukua 10. Vipimo vyote vilikuwa salama, filta ilikuwa imekomaa, na bado nilikuwa nampoteza mmoja kila baada ya siku chache. Nikaenda kwa mzee na daftari langu la vipimo. Hakulifungua. Akaniuliza birika la nyumbani likoje ndani.

"Lina ukoko mweupe, mzee. Naukwangua kila mara."

"Basi maji yako ni magumu. Hao wametoka kwenye mito laini ya Amazoni, maji yenye asidi ya majani. Unawapa chokaa."

Niliudhika. Miaka miwili nilikuwa nalitazama birika lile kila asubuhi. Nilipopima, pH ya maji yangu, yaani kipimo cha asidi ambacho kikipanda asidi imepungua, ilikuwa 8.2. Ndipo pia nikaelewa kwa nini samaki wa dhahabu walikufa haraka vile: amonia ile ile inakuwa kali zaidi pH ikipanda, kwa sababu sehemu yake iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi kwa kila hatua moja ya pH. Maji ya bomba la mwingine pengine yangenisamehe. Yangu hayakuwa na msamaha.

Kuna wanaotia dawa kushusha pH. Nilijaribu. Inashuka, kesho imerudi, kwa sababu ile chokaa inairudisha, na samaki anateseka na kupanda na kushuka kuliko na ugumu wenyewe. Nikaacha. Nikaanza kutafuta upya, safari hii nikianzia kwenye birika: ni samaki gani ambaye maji haya ndiyo kwao?

Jibu lilikuwa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni magumu na pH yake inakaribia 9. Samaki wake wengi ni wakubwa na wagomvi, lakini wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wanaitwa kwa jina la kisayansi Neolamprologus multifasciatus. Wafugaji wamelikata likawa multi. Dume hafiki sentimita 5, jike ni mdogo zaidi. Wana rangi ya mchanga na mistari myembamba, na ukiwaona kwenye mfuko wa nailoni dukani hutawageukia mara mbili. Wanachukua tangi la lita 55 bila taabu. Kila mmoja na kombe lake, na hulilinda kama mtu na kitasa chake.

Samaki hao ndio walionichagulia filta. Wanachimba. Anachota mchanga kwa mdomo, anaogelea hatua mbili, anautema, anarudi, siku nzima. Mchanga huo ukiingia kwenye filta yenye pampu ndani ya maji unakwangua ile panga inayozunguka, na yangu ya ndani ilianza kunguruma wiki ya kwanza. Watoto wao wanapotoka kwenye kombe ni wadogo kama koma ya kuandika, na filta ya kunyonya kwa nguvu inawameza. Nikarudi kwenye kitu ambacho mwanzo nilikidharau kwa sura yake: filta ya sponji ya kusukumwa na hewa. Ni sponji, bomba la plastiki, na pampu ndogo ya hewa iliyo nje. Viputo vinapanda ndani ya bomba, vinavuta maji kupitia sponji, basi. Hakuna kinachozunguka majini. Umeme ukikatika sponji ipo wazi ndani ya tangi, haijafungiwa kwenye mkebe, na pampu nyingine za hewa huendeshwa kwa betri. Kwa mtu mwenye tangi la chini ya lita 100 na samaki wadogo, mimi sioni sababu ya kumwambia anunue kitu kingine. Kelele za viputo zipo. Unazizoea, au zinakulaza.

Kuna vali moja ndogo ya plastiki ya kuweka kwenye mpira wa hewa isije maji yakarudi. Iweke. Pampu yangu ilikuwa rafu ya chini, umeme ukakatika, maji yakageuza njia yakashuka kupitia mpira hadi kwenye pampu, na kutoka hapo hadi kwenye mkeka wa sebuleni. Niligundua kwa soksi.

Kuosha sasa ni hivi: kila wiki natoa robo ya maji, na kila baada ya wiki tatu au nne naikamua sponji ndani ya maji hayo hayo ya tangi, mara mbili, inarudi ikiwa bado ya kahawia. Maji mapya natia dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia. Zamani watu walilaza maji kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke, ila sehemu nyingine maji hutiwa kloramini, klorini iliyoungana na amonia, na hiyo hailali ikaondoka.

Mzee alikuja kuwatazama multi mwezi uliopita. Alivuta kiti akakaa karibu na kioo, miwani ikakigusa. Jike mmoja alitoka kwenye kombe lake, akatema mchanga upande wake, akarudi ndani. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nangoja aniulize kuhusu filta, nimwonyeshe, maana nusu ya sponji ile ni kipande chake cha tangu siku ile, nimekifunga pamoja na mpya kwa uzi wa kuvulia. Hakuuliza. Aliniuliza kama wamezaa, nikamwambia bado.

Juzi nimeona kitu kama koma kwenye mdomo wa kombe la kushoto. Jana vilikuwa vinne. Mama yao amerundika mchanga usiku kucha mpaka umefunika kitako cha filta, sponji imezama karibu theluthi. Nimeingiza mkono kuufukua, akatoka akaniuma kidole. Nimeuacha ulivyo.